Tuambieni kwanza ni mdudu gani: barua ya wazi kutoka shamba la pamba Maswa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, na wakuu wa Bodi ya Pamba Tanzania, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Shikamooni wakubwa.

Kwetu Usukumani mtu haanzi na shida. Huuliza kwanza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, akipewa maji akanywa, ndipo aseme kilichomleta. Mniwie radhi nikiruka hayo yote. Pamba yangu ina wiki ya saba tangu iote, na kwa miaka ya karibuni wiki ya saba ndiyo jani linapoanza kubadilika rangi kwa sababu ya mdudu mdogo aitwaye chawajani.

Nalima ekari sita wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, mkoa unaotoa pamba nyingi kuliko mwingine wowote nchini. Ni mjumbe wa bodi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa kijiji chetu, kwa hiyo dawa zikifika mimi ni mmoja wa wanaozigawa, na zisipoua mimi ni mmoja wa wanaotukanwa. Nasema haya mapema msije mkanidhania mtu wa pembeni anayelaumu dawa asizozijua. Makatoni yake nimeyabeba mwenyewe kwenye baiskeli.

Nianzie Januari 2023. Mvua ilikuwa imekata siku tisa. Asubuhi moja, umande haujakauka, niliingia shambani nikakuta kingo za majani zimeanza umanjano. Jirani yangu akasema ni jua. Mimi nikasema ni ardhi imechoka, maana sikuwa nimeweka samadi mwaka ule. Tukabishana pale mpakani kama watu wasio na kazi. Kisha nikageuza jani.

Chini yake, kando ya mshipa wa kati, walikuwa wamejipanga wadudu wa rangi ya kijani iliyofifia, wadogo kiasi kwamba ungeweza kuwachukulia kuwa mavumbi. Nilipowasogezea ncha ya kidole hawakwenda mbele wala nyuma. Walikimbia upande, kama kaa. Nikautikisa mche, na wale wakubwa wenye mbawa, ambao nao hawafiki hata milimita 4, wakaruka wote kwa pamoja kisha wakarudi kutua palepale. Nikahesabu jani moja, nikaacha nilipofika 14.

Baada ya wiki mbili umanjano ule ulikuwa umegeuka wekundu. Kingo za majani zikajikunja kuelekea chini, na ukilishika jani linavunjika kama tumbaku kavu. Vitumba vichanga vikadondoka kabla havijafikia ukubwa wa kidole gumba. Ekari tatu za upande ule zilinipa kilo 190. Shamba lilelile mwaka mzuri limewahi kunipa kilo 900 na ushee.

Huyo ndiye chawajani. Ninyi mnamfahamu kwa jina, na wazee wetu wanamfahamu kwa sura. Kinachonishughulisha ni kwamba hafanyi tena kama yule waliyemfahamu wazee.

Mpaka siku ile nageuza jani nilikuwa nimeshapiga dawa mara tatu. Ekapaki tulizogawa, yaani vichupa vya dawa vya kutosha ekari moja, zilikuwa za jamii ya piretroidi, dawa ya funza wa vitumba, na kwa funza sina ugomvi nayo. Funza anatafuna. Anatembea juu ya ua na kitumba, dawa inamgusa, anakufa. Chawajani hatafuni, anafyonza, na anapofyonza anaacha mate yenye sumu ndani ya jani, ndiyo maana jani linaungua hata pale alipokunywa kidogo. Anaishi chini ya jani, wakati bomba la mgongoni linapiga juu. Mayai yake ameyachomeka ndani ya mshipa, dawa haiyafikii kabisa. Ukipuliza leo ukawaua wote wanaotembea, baada ya siku chache wanaanguliwa wengine kana kwamba hukufanya lolote.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo ilinichukua miaka kulikubali. Dawa ile ya funza inawamaliza wadudu rafiki: buibui, sisimizi, wale mende wadogo wekundu wenye madoa meusi ambao watoto wetu huwachezea. Hao ndio waliokuwa wanamla chawajani bila kutudai makato ya pembejeo. Nikipiga dawa ya funza mara tatu mahali ambapo funza hayupo, nakuwa nimemfagilia chawajani uwanja. Majirani zangu walipoona wekundu walipiga mara ya nne, ya tano. Mmoja alichanganya dawa mbili na sabuni ya unga kwenye bomba moja, tunayoiita kachumbari. Alitapika usiku kucha. Kule Yavatmal, jimbo la Maharashtra nchini India, mwaka 2017 zaidi ya wakulima 20 wa pamba walikufa kwa sumu ya dawa walizokuwa wakipuliza, na michanganyiko ya namna hiyo ilikuwa sehemu ya habari ile. Sitaki tufike huko ndipo tuanze kuitisha semina.

Sasa niseme ninachoomba, halafu nieleze kwa nini. Naomba mtuambie, kwa tangazo la wazi linalobandikwa kwenye kila ghala la AMCOS, chawajani anayeunguza pamba yetu ni wa aina gani. Jina lake kamili. Na mtuambie kabla ya kutuletea chupa nyingine.

Mtasema jina linamsaidia nini mkulima. Kumbukeni viwavijeshi vamizi. Walipoingia mwaka 2017 wengi wetu tulidhani ni viwavijeshi walewale wa zamani, wanaotembea kwa makundi na kupita. Tukawapiga dawa juu juu tukisubiri waondoke. Tulipoambiwa kwamba hawa ni wageni, asili yao Amerika, kwamba wanajificha ndani ya moyo wa mmea na wamekuja kukaa, tukabadilika. Tukaanza kupiga asubuhi na jioni, tukilenga kwenye moyo, na akina mama wakawa wanatia mchanga au majivu mlemle. Mahindi hayakupona yote, lakini tuliacha kupoteza dawa. Jina ndilo lililotufundisha tabia yake, na tabia ndiyo iliyotuonyesha pa kupiga.

Kwenye pamba jambo hili limewatokea wenzetu wa Afrika Magharibi, tena vibaya. Mwaka 2022 majani yaliungua Kodivaa, Mali, Burkina Faso, Benin na Togo. Wakulima walipuliza dawa walizozizoea, hazikumzuia. Wataalamu walipomchunguza wakakuta si chawajani wa Afrika waliyekuwa wakiishi naye miaka yote. Alikuwa Amrasca biguttula, mwenyeji wa Asia, anayejulikana sana na wakulima wa India na Pakistan. Kodivaa waliotoka msimu mmoja wakiwa na zaidi ya tani 530,000 za pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijachambuliwa, waliangukia takriban 236,000 msimu uliofuata. Mali nao walipoteza karibu nusu, ingawa kwao hata mbolea ilikuwa shida. Mwaka ulioandamia wakabadilisha dawa na namna ya kupuliza, uzalishaji ukaanza kupanda tena. Mdudu huyohuyo alionekana Puerto Rico mwaka 2023, akakutwa Florida mwishoni mwa 2024, na mwaka 2025 akasambaa kwenye pamba ya majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani. Safari yake huko imehusishwa sana na miche ya maua ya haibiskasi inayouzwa madukani. Mdudu anayeweza kusafiri ndani ya chungu cha maua hatazuiwa na kizuizi cha mazao barabarani.

Chawajani wa Asia ana doti mbili nyeusi karibu na ncha za mbawa, moja kila upande. Nimenunua kioo cha kukuzia sokoni Lalago, kile kinachotumiwa na mafundi saa, na nimewaangalia wangu mpaka macho yakauma. Ila mimi si mtu wa kutangaza. Mkulima mwenye kioo cha fundi saa akisema ameona doti, ni maneno ya kijiweni. TARI Ukiriguru ikisema, ni tangazo.

Niliwahi kujaribu njia ya kawaida. Niliosha kichupa cha dawa ya kikohozi, nikatia spiriti, nikaweka wadudu kama 30 na karatasi yenye tarehe na jina la kijiji. Nikapeleka ofisi moja ambayo sitaitaja, maana yaliyonikuta pale yangeweza kunikuta popote. Kijana wa mapokezi alikipokea kwa heshima, akaandika kwenye daftari, akakiweka kwenye droo pamoja na stepla na mhuri. Niliporudi baada ya mwezi kilikuwa kingali humo humo, spiriti imeshuka nusu. Aliniomba radhi, akasema hajui ni dawati gani linalopokea wadudu. Sikumkasirikia. Kwa kweli hata mimi sijui.

Hapo ndipo pa kurekebisha, na hapahitaji fedha nyingi. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliwaweka chini ya paa moja wanaofuatilia visumbufu vipya na wanaosajili viuatilifu. Ni jambo zuri. Basi kila wilaya inayolima pamba iwe na dawati moja linalopokea mdudu, lenye mtu anayejulikana kwa simu yake, na mkulima aliyeleta kichupa apewe jibu hata la mstari mmoja. Ukiriguru ipo Misungwi, siyo ng'ambo ya bahari. Kichupa kinaweza kupanda basi asubuhi kikafika mchana.

Kuhusu dawa zenyewe nitasema kifupi, kwa kuwa mnazijua kuliko mimi. Ekapaki za wadudu wanaofyonza zitofautishwe na za funza, kwa rangi ya kizibo au karatasi, maana nusu ya wanachama wetu hawasomi maandishi yale madogo. Zifike kabla ya wiki ya tano, si baada ya shamba kuwa jekundu. Jani lililokwisha kuungua halirudi kijani kwa dawa yoyote. Na mtu asipewe chupa kwa sababu tu tarehe imefika. Tulifundishwa zamani kukagua shamba kwa ubao wa vigingi, unatembea kwa mshazari, unaangalia mche mmoja baada ya mwingine, unasogeza kigingi kila ukiona mdudu, kikivuka mstari ndipo upige. Ubao wangu ninao mpaka leo, mke wangu anautumia kuzibia tundu la banda la kuku. Lakini hata huo ulitengenezwa kwa ajili ya funza. Tunahitaji wa chawajani, unaomlazimisha mtu kugeuza jani.

Wapo wanaosema suluhisho ni pamba iliyobadilishwa vinasaba, waliyoiruhusu Kenya mwishoni mwa 2019. Siingii kwenye mabishano ya kama ni nzuri au mbaya. Nataka tu isije ikauzwa kwetu kama dawa ya tatizo hili. Pamba ile hubeba sumu ya funza. Mdudu anayefyonza haimsumbui. Na hata kwa funza haikudumu milele, kwani India funza wa waridi alishaizoea ile ya kwanza, na ile ya pili yenye sumu mbili nayo akaizoea.

Afadhali tukumbuke tulichokuwa nacho. Babu zetu hawakuwa na bomba la mgongoni, na chawajani alikuwepo. Kilichomshinda ni vinyweleo. Watafiti wa Ukiriguru, tangu miaka ya 1930 na 1940, walikuwa wakichagua mimea yenye majani ya manyoya mengi, marefu, kwa sababu chawajani akitua hapo hawezi kuufikia mshipa vizuri, ama kwa kufyonza ama kwa kutaga. Mbegu za UK, yaani za Ukiriguru, tulizolima vizazi vyote hivi zimetoka kwenye kazi ile. Baba yangu alikuwa akipitisha jani shavuni na kusema, "Hii ina ndevu, italala salama." Nilidhani ni utani wa wazee.

Najua vinyweleo vina gharama. Nondo wa funza hupenda kutaga palipo na manyoya, inzi weupe nao hawajambo hapo, na pamba yake hubeba vipande vya majani vinavyowaudhi wenye viwanda vya kuchambulia. Kwa hiyo mwenye kuzalisha mbegu anavutwa huku na huku, na anayevuta kwa nguvu zaidi ni mwenye fedha, anayetaka nyuzi ndefu, safi na nyingi. Simlaumu. Ninachoomba ni kwamba kila mbegu mpya inapopitishwa, karatasi yake iseme wazi inavyosimama mbele ya chawajani, kama inavyosema urefu wa nyuzi na asilimia ya nyuzi kiwandani. Mkulima ajue anapanda jani lenye ndevu au lililonyolewa.

Halafu kuna masalia. Kila mwaka mnatuhimiza kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno, na wakulima wavivu hupigwa faini. Mna haki, maotea, yaani pamba inayochipua yenyewe baada ya mavuno, ndiyo nyumba ya funza wa waridi. Kwa miongo mingi nchi hii imezuia pamba isilimwe mikoa ya nyanda za juu kusini ili funza mwekundu, aliyezoeleka Zambia, Malawi na Msumbiji, asipate ngazi ya kupandia huku. Kwa hilo mnastahili sifa ambayo hampewi. Lakini chawajani hahitaji maotea. Kiangazi chote anakaa kwenye bamia na bilinganya, kwenye bustani ndogo zilizozunguka malambo, anasubiri tupande. Simwambii mtu aache bamia. Ugali bila mlenda wa bamia mwezi wa tisa ni adhabu. Nasema bustani zile zikaguliwe Oktoba na Novemba, kabla pamba haijaota. Mtu mwenye kioo cha kukuzia na daftari angeweza kutuambia mapema kama mwaka utakuwa mgumu, kwa gharama ya mafuta ya pikipiki.

Mnaweza kuniuliza, mbona kelele kubwa kwa mdudu mdogo. Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna zaidi ya tani 376,000 za pamba mbegu. Miaka 15 baadaye, 2020/21, tulivuna kama tani 122,000. Sio chawajani aliyefanya yote hayo. Bei ilitukatisha tamaa, mvua iliharibu, wengine walihamia dengu na choroko. Lakini mkulima akishachoka bei, halafu akachoka mvua, mdudu hahitaji kufanya mengi. Huyu jirani yangu aliyesema ni jua, mwaka huu ekari zake nne zote zina alizeti. Alipanda pamba tangu kabla sijaoa.

Nimekusanya upya. Safari hii vichupa vitatu, kutoka mashamba matatu tofauti, spiriti imejaa na vizibo nimevifunga kwa mpira wa baiskeli. Vipo kwenye rafu ya ofisi ya AMCOS, nyuma ya mzani, na kila kimoja kina tarehe, aina ya mbegu na dawa iliyopigwa pale. Atakayetumwa aje siku yoyote isipokuwa Jumanne, ambayo ni ya mnada. Ofisi ikiwa imefungwa, aulize watoto wanaochunga upande wa lambo, wanajua nyumba yenye ufunguo.

Mkulima wa pamba,
Maswa, Simiyu.